Mtindi, togwa na wadudu wanaokula uchachu: maswali yenu kliniki

Wiki iliyopita, kwenye kliniki ya mama na mtoto tunakofundisha lishe huku Temeke, mama mmoja alifungua chupa ya togwa (uji wa kimea uliochachushwa) aliyoikaza tangu jana yake. Kifuniko kiliruka mpaka kwenye mizani ya watoto. Tulicheka sana, halafu maswali yakamiminika. Naweka hapa yale niliyoyakumbuka.

Bakteria wa mtindi wanafanya nini hasa kwenye maziwa?

Wanakula sukari ya maziwa, yaani laktosi, na kutoa asidi ya laktiki. Maziwa yakiwa hayajachacha pH yake, yaani kipimo cha uchachu, ni kama 6.6. Asidi inavyozidi, pH inashuka, na ikikaribia 4.6 protini ya kaseini hushikamana. Hapo ndipo tunasema maziwa yameganda. Kwa joto letu la Dar, ukiyaweka jioni asubuhi unakuta tayari. Mtu wa Lushoto atasubiri zaidi.

Kwa hiyo wakishatoa asidi kazi yao imeisha?

Haijaisha, na hapa ndipo patamu. Bakteria hawa hawatoi asidi tu, nyingine wanazila.

Maziwa yanapotoka kwenye chuchu ya ng'ombe tayari yana asidi ya sitriki, ile ile ya limau, gramu 1.5 hadi 2 kwa lita. Ulimi hauisikii. Aina fulani za bakteria wa Lactococcus na Leuconostoc huivuta ndani na kuikatakata. Sehemu moja inakuwa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi ya siki. Nyingine inatoka kama gesi ya kaboni dioksidi. Na kiasi kidogo mno kinageuka diasetili. Diasetili ndiyo harufu ya siagi. Ile harufu inayokufikia ukifunua chombo cha mtindi mzuri, kabla hujatia kijiko, chanzo chake kikubwa ni huko. Laktosi ikakupa uchachu, sitriki ikakupa harufu.

Asidi nyingine ni ya maliki, iliyomo kwenye embe bichi na zabibu. Ina vichwa viwili vya uchachu. Bakteria hung'oa kimoja kikapotea kama kaboni dioksidi, na kinachobaki ni asidi ya laktiki yenye kichwa kimoja, kwa hiyo ukali unapungua. Watengenezaji wa mvinyo mwekundu wanaitegemea sana hatua hii.

Dada mmoja akauliza, wanapata faida gani? Faida kubwa ni kuokoa maisha yao. Uchachu waliouzalisha wenyewe unawarudia na kuwaingia mwilini. Kila wanapovunja asidi za namna hii, wanapunguza kidogo uchachu uliomo ndani ya seli. Mfikirie mkazi wa bonde la Msimbazi anayekumba maji sebuleni kwa ndoo huku mvua bado inanyesha. Hawezi kuizuia mvua, lakini godoro lake halijalowa.

Basi gesi iliyorusha kifuniko ilitokana na hizo asidi?

Kwa sehemu ndogo. Kwenye togwa gesi nyingi inatokana na sukari. Wapo bakteria ambao sukari moja wanaigawa mara tatu: asidi ya laktiki, kaboni dioksidi na alkoholi kidogo. Hamira za asili nazo zinaongezea. Acha nafasi juu ya chupa na usiikaze. Togwa ikianza kunukia pombe, si ya mtoto tena.

Mwanangu ana miezi minane, anywe togwa?

Anywe, mama, pamoja na kuendelea kunyonya. Kimea kinalainisha uji, hivyo unaweza kuweka unga mwingi zaidi na mtoto bado akameza bila shida. Utafiti uliofanywa hapa Tanzania na kuchapishwa miaka ya 1990 uliona watoto waliopewa uji uliochachuka wakiharisha mara chache kuliko wenzao.

Ila kimea ni nafaka iliyooteshwa na mara nyingi kinatiwa baada ya uji kupoa, kwa hiyo kinaweza kuingiza vijidudu. Uchachu ndio unaowabana, na uchachu unataka saa kadhaa. Usimpe togwa ambayo haijachachuka sawasawa. Na kimea chenye ukungu kitupe kabisa, maana sumukuvu haiondoki kwa kuchachusha wala kwa kuchemsha.

Maziwa mabichi yakishaganda si salama?

Hapa bibi mmoja alinikatiza: "Mwanangu, sisi tumegandisha maziwa mabichi kabla hujazaliwa." Nikamwamkia tena, shikamoo bibi, lakini jibu langu halikubadilika. Uchachu unawadhoofisha wadudu wengi, hauwamalizi wote. Bakteria wa brusela na wa kifua kikuu wanaweza kuwa hai ndani ya mtindi wa maziwa yasiyochemshwa. Chemsha maziwa ya dumu la muuzaji, yaache yawe vuguvugu, ndipo utie kijiko cha mtindi mzuri wa jana.

Nina vidonda vya tumbo. Mtindi utaniongezea asidi?

Asidi ya tumbo lako lenye njaa ina pH ya 1 hadi 2, na mtindi una kama 4. Kila namba ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo mtindi hauifikii hata kwa mbali. Ukikuletea kiungulia uache. Lakini si dawa ya vidonda, kapime.

Mtindi wangu umekaa siku nyingi, umeota ukungu juu na uchachu umepungua. Si ndio umekuwa mtamu?

Hili ndilo swali lililonitisha. Ukungu nao unakula asidi ya laktiki, tena kwa pupa. Asidi ikiliwa, pH inapanda, na wadudu waliokuwa wamebanwa wanapata nafasi ya kuzaliana. Usikwangue juu ukala wa chini. Mwaga wote, osha chombo kwa maji ya moto, na safari hii kijiko cha kuanzia kaombe kwa jirani.