Jongoo na mti wake: tunayoyasema vibaya kuhusu Haller Park

Kila shule zikifungwa, lazima nipigiwe simu kutoka bara: wageni wanakuja, watakaa wiki, na watoto wanataka kuona twiga. Basi tunapanda matatu ya Mtwapa, tunavuka daraja la Nyali, tunashuka Bamburi Mtambo, tunaingia Haller Park, ile bustani ya wanyama ya Mombasa. Kabla hatujawafikia kobe, nimeshasikia mambo matatu manne yasiyo ya kweli. Mengine nilikuwa nikiyasema mimi mwenyewe.

Linaloongoza ni hili: ati ule ni msitu wa asili uliozungushiwa ua, wakatiwa wanyama ndani. Simlaumu mtu. Ukisimama chini ya mivinje ile, miti mirefu yenye majani kama sindano, upepo wa bahari ukipita juu, huwezi kuwaza vingine. Lakini pale palikuwa shimo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuzalisha 1954, kikichimba mawe ya matumbawe, na kufikia 1971 kilichobaki ni bonde jeupe lisilo na udongo, jua linaupiga mwamba, na maji ya chini yana chumvi. René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi kiwandani, ndiye aliyeanza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zikashika tatu tu: mnazi, damas, ambao asili yake ni pande za Somalia, na mvinje.

Wengi wakishasikia hayo, hukimbilia dhana ya pili: "Basi walimwaga udongo kwa malori." La. Udongo ule umetengenezewa humo humo, na aliyefanya kazi kubwa ni jongoo.

Mvinje una bahati yake. Kwenye mizizi yake wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni hewani, kwa hivyo unaweza kukua pale ambapo mti mwingine ungekufa njaa. Kasheshe ilianza majani yalipodondoka. Yale majani membamba kama sindano yana tanini nyingi, ile kemikali kali inayokausha ulimi, na vijidudu vya kuozesha vilishindwa nayo. Yakarundikana makavu vile vile, mwaka nenda mwaka rudi ingekuwa zulia la takataka juu ya jiwe. Haller akamwona jongoo mwenye miguu myekundu akiyatafuna majani hayo bila shida. Jongoo wakaletwa kwa wingi, wakala, wakanya, na kinyesi chao bakteria wakakiweza. Hapo ndipo mboji ilipopatikana, na baada ya mboji miti mingine, ndege, na hao twiga. Wahenga wanatuambia ukitupa jongoo utupe na mti wake. Bamburi wangemtupa jongoo peke yake, mti usingefika mbali.

Likizo iliyopita mpwa wangu, mtoto wa Nakuru, alipiga ukelele: "Mjomba, tandu!" na kiatu kimeshainuliwa. Nikamshika mguu. Watu wengi hawawatofautishi hawa wawili. Tandu ni bapa, ana kasi, na akikuuma utamkumbuka. Jongoo ni mviringo, huenda polepole kama mtu asiye na deni, na haumi. Ukimsumbua hujikunja duara na kutoa maji yanayoweza kuwasha ngozi au macho, basi nawa mikono. Tuliinua majani kidogo kwa kijiti: juu makavu ya kahawia, chini yake vipande vilivyokatikakatika, halafu vipunje vidogo vyeusi, halafu jiwe. Kimo chote kile hakikuzidi kiganja changu. Mtoto akauliza twiga wako wapi.

Sasa ya kiboko Owen na kobe Mzee, maana hapo kila mtu ana hadithi yake. Nimesikia ati tsunami ilimleta kiboko kutoka ng'ambo ya bahari. Kiboko yule alikuwa wa hapa hapa: kundi lao lilikuwa limeshuka na mto Sabaki hadi baharini karibu na Malindi, na mawimbi ya tarehe 26 Desemba 2004 yakamwacha mtoto peke yake. Watu walimwokoa, akapelekwa Bamburi, na alipofunguliwa akaenda kujificha nyuma ya kobe mkubwa. Wa pili wanasema kobe alikuwa "mama" yake mpya. Mama gani? Mzee alikuwa dume, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi, tena wa jamii ya kobe wa Aldabra, visiwa vya Ushelisheli. Picha za wawili hao wakilala pamoja zilizunguka dunia, na uswahiba wao ulikuwa wa kweli, lakini kiboko ni kiboko. Alipokua alitengwa na kobe, akawekwa na kiboko jike.

Wako wanaoniambia pale ni pa watalii. Mwananchi ana bei yake, tofauti na ya mgeni. Beba kitambulisho.

Jambo dogo linaloniudhi: mikate. Mtu anafika na mkate wa boflo mfukoni, anadhani twiga atafurahi. Atakula, ndiyo, kwa ulimi ule mrefu mweusi unaokukwaruza kiganja kama msasa laini. Lakini twiga hucheua kama ng'ombe, na mkate humvuruga tumbo. Chakula chake hupatikana pale pale wakati wa kulisha. Ulizia saa langoni.

Na jina: palipofunguliwa kwa umma 1984 paliitwa Bamburi Nature Trail, na wenyeji wa zamani bado hupaita hivyo. Wote wanamaanisha pale pale. Konda wewe mwambie Mtambo tu.