Je, wajua kwa nini tapeli wa simu anakuita kwa majina yako matatu?

Simu inaita saa nne asubuhi, wakati soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, limechangamka na kila mtu ana haraka. "Shikamoo mama. Naongea na…" halafu yanatajwa majina matatu, yote, kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. "Nakupigia kutoka benki, makao makuu. Kuna mtu anajaribu kutoa hela kwenye akaunti yako." Wengi huishiwa shaka hapohapo kwenye majina. Angeyajuaje kama hayuko benki?

Ameyapata kirahisi sana. Yeyote mwenye laini anaweza kuingia kwenye menyu ya kutuma pesa, akaandika namba yako na kiasi chochote. Kabla hajaweka namba ya siri, simu inamwonyesha jina la mwenye namba. Analisoma, anasitisha muamala, hajatumia hata shilingi. Jina hilo huonyeshwa ili usitume hela kwa mtu siye, na limewaokoa wengi, ila tapeli naye analitumia. Namba yenyewe wala haifichiki. Magunia ya dagaa yanayosubiri lori huandikwa jina na namba ya mwenye mzigo kwa maka peni, herufi kubwa, ili yasipotee huko yaendako. Kuna bango la duka, kuna daftari la wakala lililoachwa wazi mezani, kuna kundi la WhatsApp la wauza samaki ambalo nusu ya waliomo hawafahamiani.

Kwa hiyo akikutajia jina, hajathibitisha lolote. Sikiliza anachokuomba, maana hicho ndicho asichokuwa nacho.

Mara nyingi anaomba tarakimu. Wakati anaongea nawe, amefungua programu ya benki kwenye simu yake, ameandika namba yako na kubonyeza sehemu ya kusahau namba ya siri. Mfumo unadhani ni wewe, unatuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako. "Mama, kuna ujumbe umeingia sasa hivi, nisomee hizo namba tuuzuie huo muamala." Unafungua, na kweli umetoka benki: jina la benki liko juu, na umekaa pamoja na zile meseji za salio ulizozizoea. Hapa ndipo hata watu makini hunaswa, na sipendi kusikia wakiitwa wajinga. Ujumbe ni halali, mpigaji ndiye wa uongo. Mara nyingi ujumbe wenyewe unasema usimpe mtu namba hii, lakini yeye hakupi nafasi ya kuusoma hadi mwisho. Anakuharakisha kwa sababu namba ile huisha muda baada ya dakika chache, na kwa sababu ukitulia kidogo jirani yako wa meza ya pili atakuuliza unaongea na nani.

Benki ndiyo iliyotuma namba ile, haina haja ya kuisikia kutoka kwako. Na namba yako ya siri haitakiwi kujulikana hata na karani wa dirishani. Kupokea hela pia hakuhitaji namba ya siri, kwa hiyo anayekwambia uiweke ili "upokee" au "ufute muamala" anakufanya utume.

Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" tunaicheka, lakini ina hesabu yake. Inatumwa kwa watu wengi kwa mkupuo, bila kuchagua. Ukanda huu wa ziwa kuna mchuuzi aliyechukua dagaa wa Ukerewe kwa mkopo, kuna mwenye mtumbwi anayesubiri malipo yake. Ikimfikia mtu aliyekuwa anajiandaa kutuma hela kweli, haoni cha kushangaa. Mpigie unayedaiwa naye kwa namba uliyonayo siku zote, msikie sauti yake.

Akipiga mtu analia kwamba amekosea namba na hela imekuingia, usiamini ujumbe, angalia salio kwenye menyu yako mwenyewe. Hata kama imeingia kweli, mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake, namba 100, warudishe wao kwa utaratibu wao.

Simu yako ikipoteza mtandao ghafla huku za wenzako wa mtandao huohuo ziko sawa, wahi dukani kwao: huenda laini yako imehamishiwa kadi nyingine. Ukipiga *106# utaona pia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, namba iliyotengwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini Tanzania, kwa taarifa hizo.

Na kama umeshazisoma zile tarakimu, tafadhali usikae kimya kwa aibu. Aibu ndiyo inayompa tapeli muda wa kuhamisha hela hadi kwa wakala na kuzitoa. Kata simu, piga namba iliyo nyuma ya kadi yako ya benki, waambie wafunge akaunti sasa hivi. Piga na 100, wazuie akaunti yako ya pesa ya simu. Kisha nenda polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao, kwa kuwa utapeli huu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Nenda na simu yenyewe, meseji zote zikiwemo bila kufutwa hata moja.