Kusajili wachache sio kwamba kocha kalala

Mashabiki wengi wa futiboli ya vyuo Marekani (ile ya kushika mpira mkononi, sio soka) wakiona chuo chao kimesajili madogo 15 tu ni kelele, eti kocha kashindwa kazi, wapinzani wamechukua 25. Jamani sio hivyo.

Pigeni hesabu. Kwa miaka mingi vyuo vya daraja la juu la NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani) viliruhusiwa skolashipu 85 kwa timu nzima na wapya wasiozidi 25 kwa mwaka, na mchezaji alikuwa anapewa miaka 5 ya kucheza misimu 4, sasa ukijaza 25 kila mwaka na wote wakabaki unafika 125, hao 40 wa ziada unawapeleka wapi? Kuna makocha walikuwa wanasajili kupita kiasi halafu wanawasukuma nje vijana wao wenyewe, na hilo mimi siwezi kulitetea hata kidogo.

Halafu kundi la mwaka mmoja likiwa kubwa mno litamaliza chuo kwa pamoja, unabaki na madogo wa miaka 18 wanagongana na watu wazima wa 22. Ndo maana kocha makini anaangalia kwanza nani anaondoka na kwenye nafasi gani.

Siku hizi ile 25 imeshafutwa, na tangu 2025 vyuo vingi vikubwa vina ukomo wa wachezaji 105 badala ya skolashipu 85. Pia pengo unaliziba na mchezaji aliyehama chuo kingine, kwa hiyo kuchukua wachache kutoka sekondari mara nyingi ndo mpango wenyewe.