Simu ya upepo inaruka mazungumzo? Angalia muda wa skani

Mlinzi wa getini anaita kontroo (anayeratibu walinzi). Kontroo anachomoa redio kiunoni na kujibu. Mlinzi wa doria, ambaye redio yake iko kwenye skani (inapitia chaneli moja baada ya nyingine ikitafuta mawimbi), kasikia wito ila jibu halikumfikia. Hapo hulaumiwa betri au antena, wakati kasoro mara nyingi ni namba moja tu kwenye programu ya kompyuta ya kupangia redio: muda ambao redio hubaki kwenye chaneli baada ya mawimbi kukatika.

Ukiuweka nusu sekunde, redio imeshahama kabla anayeitwa hajabonyeza kitufe cha kuongea. Kwa kazi nyingi za ulinzi, anza na sekunde 3 hadi 5. Ukiweka 15, redio itang'ang'ania chaneli iliyonyamaza huku nyingine zikiita. Redio nyingi zina mpangilio wa pili, wa muda baada ya wewe mwenyewe kuongea. Huo uwe mrefu kidogo, sekunde 7 hadi 10, maana unamsubiri mwenzako aishike redio yake kwanza.

Lakini hesabu chaneli kabla ya yote. Redio ikitumia sekunde 0.3 kwa kila chaneli, chaneli 16 ni karibu sekunde 5 kwa mzunguko. Wito wa sekunde 2 unaweza kupita wote bila kusikika, na hakuna muda wa kubaki utakaouokoa. Acha chaneli 5 tu. Mzunguko unashuka hadi sekunde 1.5.

Chaneli ya kipaumbele, ile ambayo redio huirudia kuikagua hata ikiwa imesimama kwingine, ina gharama yake. Ukiwa unasikiliza mazungumzo kwenye chaneli nyingine, redio ya analogi huchungulia kipaumbele kila baada ya muda fulani, na kila inapochungulia sauti hukatika kidogo. Ikichungulia mara mbili kwa sekunde, maneno yanakuwa vipande vipande. Kila sekunde 2 inavumilika. Hali huwa mbaya zaidi watu wengine wakitumia masafa hayohayo kwa toni tofauti (alama inayotenganisha kundi moja na jingine), kwa sababu redio ikikuta mawimbi lazima isubiri itambue kama toni ni yake. Ndiyo maana baadhi ya programu zina muda wa kuchungulia wa aina mbili: A pasipo mawimbi, B penye mawimbi yenye toni isiyo yako. B iwe ndefu kuliko A.

Redio ya mkononi ya Baofeng UV-5R haikupi sekunde za kuchagua kwenye menyu. Bonyeza MENU, kisha 18 (SC-REV), MENU tena, chagua kwa mishale, MENU kuhifadhi, EXIT kutoka. Machaguo ni matatu: TO huondoka muda ukiisha hata kama mtu bado anaongea, CO husubiri mawimbi yakatike, SE husimama moja kwa moja. Kwa kazi, chagua CO.

Kwa redio za kupangwa kwa kompyuta, chaji betri, sukuma plagi ya kebo hadi mwisho (ikilegea, usomaji hugoma), soma redio (vuta mipangilio yake kwenye kompyuta) na uhifadhi nakala ya awali kabla ya kubadili chochote. Usiandike kwenye redio faili la modeli nyingine, wala usiguse masafa yasiyo kwenye leseni yenu. Tanzania, leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA).

Kisha jaribu kwa redio tatu na saa: moja iite, ya pili ijibu baada ya sekunde 4, ya tatu iwe kwenye skani. Jibu likikosekana, ongeza sekunde moja, andika upya, rudia.