"Phlegmatic" si mpole

Anayekwambia kwamba "phlegmatic" ni mpole amekupa nusu ya neno, tena ile nusu nyepesi. Upole una huruma ndani yake. Neno hili la Kiingereza halina habari na huruma: linasema tu kwamba mtu huyu hashtuki, hahamaki wala hana pupa, na ndivyo alivyoumbwa. Anaweza kuwa mwema, anaweza kuwa na roho mbaya.

Ndiyo maana mimi, mfasiri, sikubali kulitia kwenye Kiswahili kabla sijajua anasemwa nani. Boti ya Pemba imefika mkondo wa Nungwi, abiria wanatapika, mwengine anasoma dua kwa sauti, na nahodha anaongea kama yuko barazani kwake. Huyo ni "phlegmatic", na hapo ni sifa: mtulivu, hatikisiki. Sasa mchukue karani wa dirishani. Foleni imefika mlangoni, watu wanalalamika, naye anageuza karatasi moja moja. Neno ni lilelile, lakini sasa linauma. Hapo naandika "mzito", na kama mwandishi amekasirika, "goigoi".

Asili yake tunaikohoa kila siku. Tangu zama za Hippocrates, matabibu wa Kigiriki waliamini kuwa mwili una majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Galen, tabibu wa baadaye, akaja kuyafungamanisha na tabia za watu. Balghamu ilihesabiwa kuwa ya baridi na unyevu, kwa hiyo aliyezidiwa nayo alidhaniwa hachemki. (Cha kuchekesha, neno lenyewe la Kigiriki, "phlegma", limetokana na kitenzi cha kuwaka.) Waarabu wakalitamka "balgham", tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akaieleza elimu hiyo kwa urefu katika kitabu chake, al-Qanun, na neno likatufikia sisi wa pwani. Kwa hiyo balghamu yetu na "phlegm" ya Waingereza ni watoto wa mama mmoja. Wazee wanaomkataza mwenye kifua vyakula vya "baridi" bado wanasema lugha ya matabibu hao. Hata safura, ambayo kwetu ni maradhi ya kupungukiwa damu, kwa Kiarabu ilikuwa nyongo ya manjano.

Usilichanganye na "calm". Bahari huwa "calm", yaani shwari, na mtu aliyekasirika huweza kuwa "calm" baada ya robo saa. Bahari haiwi "phlegmatic" hata siku moja, wala mtu haambiwi awe hivyo kuanzia sasa. Ni tabia, haiji na kuondoka.

Katika kulitamka, "phlegm" huimeza g yake, lakini "phlegmatic" huitoa wazi. Mkazo uko kwenye "ma", silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hivyo ulimi wa Mswahili hapo haupati tabu.