Je, wajua? Kampuni ikinunua kiwanja kwenye ulimwengu pepe, inanunua nini hasa?

Novemba 2021, kampuni iitwayo Metaverse Group ilinunua viwanja 116 ndani ya Decentraland, ulimwengu pepe ambao watu huingia kwa avata, yaani umbo la kuchorwa linalomwakilisha mtu, wakatembea, wakazungumza na kununua vitu. Ililipa MANA 618,000, sarafu ya humo ndani, ambazo siku hizo zilikaribia dola milioni 2.4. Kila kiwanja kina mita 16 kwa 16, na unaweza kukipita kwa sekunde chache ukibonyeza kitufe kimoja.

Nilipoisoma habari hiyo, nilidhani tofauti ya viwanja hivyo na vya kawaida ni kwamba havishikiki. Mengine yote niliyachukulia kuwa yaleyale: umelipa, jina lako limo daftarini, basi ni chako na hakuna wa kukutoa bila amri ya mahakama. Nilikosea. Kosa hilohilo nalikuta kwa wafanyabiashara wanaojiandaa kufungua maduka kwenye dunia hizi, na linaweza kuwagharimu sana.

Tuanze na ulimwengu pepe wenye mmiliki mmoja. Kiwanja humo ni kumbukumbu iliyohifadhiwa kwenye seva, yaani kompyuta zinazouendesha ulimwengu huo. Seva ni za kampuni, na programu ni yake. Unapobofya “Nakubali” chini ya vigezo na masharti, unachopewa kwa kawaida ni leseni, yaani ruhusa ya kutumia. Fikiria tikiti ya uwanjani. Umelipia kiti chenye namba, na mtu akikikalia una haki ya kumwinua. Lakini kiti hukukinunua. Huwezi kuking'oa ukaondoka nacho, msimamizi anaweza kukutoa ukivunja kanuni, na uwanja ukifungwa huna la kudai zaidi ya lililoandikwa nyuma ya tikiti. Linalotupoteza ni lugha. Tangazo linasema “nunua” na “ardhi yako”, huku masharti yakisema “leseni” na “tunaweza kuisitisha wakati wowote”.

Lugha hizo mbili zilishagongana mahakamani, na kesi yenyewe inavutia. Second Life, ulimwengu pepe uliofunguliwa na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco mwaka 2003, ulijitangaza kuwa mahali ambapo mtumiaji anaweza kumiliki ardhi. Mwaka 2006 wakili mmoja wa Pennsylvania, Marc Bragg, alijipatia kiwanja kiitwacho Taessot kwa dola 300. Linden ilisema amekipata kwa kupenya kwenye mnada kinyume cha utaratibu, ikafunga akaunti yake yote. Taessot, mali zake nyingine na fedha zake za humo zikaenda kwa mkupuo mmoja. Bragg akashtaki. Linden ikajibu kwamba masharti aliyoyakubali yanamtaka apeleke mgogoro kwenye usuluhishi San Francisco, si mahakamani. Mei 2007 Jaji Eduardo Robreno alikataa kulitekeleza sharti hilo, akiona limeegemea mno upande mmoja: kampuni ina uwezo wa kufunga akaunti na kubadili masharti itakavyo, ilhali mteja anasukumwa kwenye utaratibu wa gharama kubwa, mbali na kwao.

Hapa ndipo kosa langu lilipokomaa, maana niliwahi kuamini kwamba mahakama ilimtambua Bragg kuwa mwenye ardhi. Haikufanya hivyo. Iliamua mgogoro usikilizwe wapi, basi. Kabla ya kulifikia swali la mali ni ya nani, pande mbili zilimalizana nje ya mahakama. Anayeitaja kesi hii kama ushahidi kwamba kiwanja pepe ni mali yako anaibebesha mzigo usio wake.

Watetezi wa Decentraland watasema blokcheni imeliondoa tatizo. Kwao kiwanja ni tokeni, yaani alama ya kidijitali ya umiliki, iliyoandikwa kwenye blokcheni ya Ethereum, daftari linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, hivyo hakuna kampuni moja inayoweza kuamka na kuifuta. Hilo ni kweli, na ni hatua kubwa. Lakini tokeni na kiwanja ni vitu viwili. Tokeni ni kama kibao cha namba unachopewa ukiacha begi kwenye chumba cha kutunzia mizigo. Kibao kiko mfukoni mwako, na hata kumuuzia mtu unaweza. Begi liko kwingine. Majengo na avata zinazopita mbele ya duka lako zinaonyeshwa na programu na seva zilizo nje ya daftari lile. Chumba kikiungua, kibao kitabaki kizima mkononi. Na nani ana wajibu wa kulitunza begi? Daftari halisemi. Unarudishwa kwenye vigezo na masharti.

Je, sheria haioni chochote hapo cha kulinda? Inaona, na mfano mzuri unatoka Uholanzi. Mwaka 2007 vijana wawili walimpiga na kumtishia mvulana wa miaka 13 mpaka akafungua akaunti yake ya mchezo wa RuneScape. Hirizi na barakoa yake vikaangushwa chini, ndani ya mchezo, vikaokotwa kwa akaunti nyingine. Utetezi ulidai hakuna kilichoibwa, kwa sababu vitu hivyo ni data tu na mwenye mchezo ndiye mwenye navyo. Januari 31, 2012, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema ni wizi: mvulana alivipata kwa muda na juhudi, alikuwa na udhibiti navyo peke yake, na udhibiti huo ukanyang'anywa. Pasipoti pia kwa kawaida ni mali ya serikali iliyoitoa, lakini anayeipora mfukoni mwako amekuibia wewe. Kampuni isijipe moyo kupita kiasi, hata hivyo. Hiyo ni sheria ya jinai ya nchi moja, inayomkabili mwizi. Kukukinga dhidi ya mwenye ulimwengu ni suala jingine. China nayo imeitaja mali pepe ya mtandaoni katika kifungu cha 127 cha Sheria yake ya Madai, inayotumika tangu 2021, lakini kifungu hicho kinaelekeza tu kwenye sheria nyingine zitakazosema ilindwe vipi.

Jina la biashara lina nafuu zaidi, kwa kuwa unaingia nalo likiwa tayari ni lako. Februari 2023 jopo la raia tisa jijini New York liliipa Hermès, kampuni ya Ufaransa inayotengeneza mikoba ya kifahari iitwayo Birkin, dola 133,000 dhidi ya msanii aliyeuza picha za mikoba kwa njia ya NFT, yaani tokeni za blokcheni, alizoziita MetaBirkins. Hata hivyo alama ya biashara husajiliwa kwa makundi ya bidhaa. Mkoba wa ngozi uko kundi la 18, na mwaka 2022 ofisi ya Umoja wa Ulaya inayosajili alama ilieleza kwamba bidhaa pepe huingia kundi la 9, pamoja na maudhui ya kidijitali, tena lazima utaje ni bidhaa pepe zipi. Mwenye jina lisilo kubwa kama Hermès asitegemee usajili wa zamani umfuate humo.

Kuna kitu kingine ambacho kampuni inaweza kubaki nacho: hakimiliki ya mchoro wa duka lake, ikiwa imeuchora yenyewe na haikuisalimisha kwenye masharti. Lakini hata hiyo ni kama ya mtunzi aliyeandika shairi lake kwenye ukuta wa mtu. Shairi ni lake, ukuta si wake, na mwenye ukuta anaweza kupaka rangi kesho. Lively, ulimwengu pepe wa Google, ulifunguliwa Julai 2008 na kufungwa Desemba mwaka uleule. Januari 2023 Microsoft ilitangaza kwamba AltspaceVR, ulimwengu pepe wake, itazimwa Machi 10, ikawahimiza watumiaji wapakue kazi zao kabla ya siku hiyo. Walikuwa na wiki saba.