Neff hakuponzwa na Phyllis peke yake

Wengi husimulia Double Indemnity, filamu ya Billy Wilder ya mwaka 1944, kama kisa cha mwanamke katili aliyemponza wakala wa bima asiye na hatia. Si kweli. Phyllis anataka mumewe afe, naam, lakini hesabu ni za wakala mwenyewe, Walter Neff. Ndiye anayeng'ang'ania ajali ya treni, maana hiyo bima huilipia maradufu: dola 100,000 badala ya 50,000. Tena anakiri kwamba wazo la kuilaghai kampuni alikuwa nalo siku nyingi. Tazama mauaji yenyewe: Neff ndiye anayeua, kutoka kiti cha nyuma, ila kamera inabaki usoni mwa Barbara Stanwyck, anayeigiza Phyllis, katulia tuli kwenye usukani. Tendo lenyewe hatulioni. Nadhani hapo ndipo lawama yote ilipomwangukia Phyllis.